Lukotrini: tuifunge, ila kwa nani?

Mwaka 1938 wanasayansi Feldberg na Kellaway walipitisha sumu ya swila kwenye mapafu ya simbilisi, kikatoka kitu kilichobana misuli taratibu na kukawia kuachia, tofauti na histamini, kemikali ya mwili inayojulikana kwa kuleta dalili za mzio. Kilikuja kupata jina mwaka 1979, pale mwanasayansi Bengt Samuelsson wa Sweden alipokiita lukotrini.

Mashtaka dhidi yake ni mazito. Mwenye mzio akivuta chavua, utando wa seli huachia asidi ya arakidoni, aina ya mafuta, na kimeng'enya cha lipoksijinasi-5 huigeuza kuwa lukotrini. Mirija ya hewa hubana, huvimba na kujaa ute. Kwa kubana mirija hiyo, lukotrini inaishinda histamini takribani mara 1,000, ndiyo maana dawa za kuzuia histamini hazifui dafu mbele ya pumu. Ushahidi ulio wazi kuliko wote naupata kwa wenye pumu inayochokozwa na aspirini: mtu anameza kidonge cha kichwa, haupiti muda mrefu pua inatiririka na kifua kinapiga filimbi. Aspirini imepunguza prostaglandini, kemikali nyingine ya mwili iliyokuwa breki, na lukotrini zimefurika.

Utetezi nao upo. Lukotrini B4, aina mojawapo, huita chembe nyeupe za damu penye maambukizi; panya wasioweza kutengeneza lukotrini huzidiwa na nimonia ya bakteria wa Klebsiella. Hoja nzuri, lakini haiigusi sana montelukasti, dawa inayotumika zaidi dhidi ya lukotrini, kwa kuwa hiyo huziba kipokezi cha lukotrini za kubana mirija na kuiacha B4 ifanye kazi yake.

Kinachonitia shaka ni kingine. Kwa pumu ya kila siku, steroidi ya kuvuta huishinda montelukasti ikitumika peke yake. Halafu Machi 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliipa montelukasti onyo lake kali kabisa: jinamizi, hasira, sonona, hata mawazo ya kujiua. Ikashauri isipewe wenye mafua ya mzio mepesi ila dawa nyingine zikishindwa. Mimi naona ni sawa. Mwenye pumu ya aspirini ana sababu ya kuijaribu. Mwenye chafya tu hana. Na mtoto aliyeanza dawa hii akianza kushtuka usiku akilia, mzazi asingoje miadi ijayo: amweleze daktari siku hiyohiyo.