Mwanafunzi Mkristo katika Somo la Kiislamu: Malezi ya Tabia au Mahubiri?

Vyuo vikuu vya Muhammadiyah, jumuiya ya Kiislamu iliyoasisiwa na Ahmad Dahlan mjini Yogyakarta, Indonesia, mwaka 1912, vina somo la lazima liitwalo Al-Islam na Kemuhammadiyahan, yaani mafundisho ya Uislamu pamoja na historia na mwenendo wa jumuiya hiyo. Katika miji ya Kupang, na Maumere katika kisiwa cha Flores, mashariki mwa nchi hiyo, mahali ambapo wakazi wengi ni Wakristo, somo hilo huwakuta darasani wanafunzi wengi wasio Waislamu. Je, wanalelewa tabia au wanahubiriwa?

Wanaolitetea wana hoja nzito. Inasimuliwa kwamba Dahlan aliwasomesha wanafunzi wake Surat al-Ma'un, sura fupi ya Kurani inayowakemea wasiowajali yatima na maskini, tena na tena, hata wakalalamika kuwa wameshaihifadhi; naye akawauliza kama wameshaitenda, kisha akawatuma wakawatafute maskini, wawaogeshe, wawavike na kuwalisha. Mkatoliki wa Flores anaweza kulipokea fundisho hilo zima bila imani yake kupungua hata chembe, na mimi sijui malezi ya tabia yanayolipita. Tena, wanaongeza, mwanafunzi huyo alijiandikisha kwa hiari.

Hoja hii ya mwisho naiona dhaifu, kwa sababu pale ambapo vyuo ni vichache na uwezo wa kusafiri mbali haupo, hiari ya kijana huwa nyembamba mno. Isitoshe, kifungu cha 12 cha Sheria Na. 20 ya mwaka 2003 ya Indonesia kinampa kila mwanafunzi haki ya kufundishwa dini yake mwenyewe na mwalimu wa dini hiyo hiyo. Chuo kinachompa Mkristo somo la Uislamu peke yake, kisha kikalihesabu kuwa ndilo somo lake la dini, kinamnyima haki hiyo, hata mhadhiri awe mpole namna gani.

Katika kulipima jambo hili, mimi hutazama karatasi ya mtihani kabla ya mtaala. Swali linalomtaka mwanafunzi aeleze faida ya zaka kwa jamii linapima ujuzi. Linalomtaka aonyeshe namna ya kutawadha ndipo afaulu linapima ibada, na asiyeiamini ibada hapaswi kupewa alama kwayo. Aya ya 256 ya Surat al-Baqara imekwisha kusema kwamba hakuna kulazimishana katika dini. Kwa hiyo kumwondolea Mkristo sehemu hiyo ya ibada, na kumwachia akhlaki, historia na kazi ya kuwahudumia maskini, si kuulegeza Uislamu wa chuo. Kigumu kinachobaki ni gharama: mwalimu wa Kikatoliki au wa Kiprotestanti naye lazima aajiriwe, na chuo cha Kiislamu ndicho kitakachomlipa mshahara.