Mwanza, tuanze na tangi la choo

Simtanki letu la lita 1,000 lilijaa Jumamosi jioni, mfuniko niliufunga kwa mkono wangu. Huku Kiseke mgao ulikuwa umekaza, na kwa hesabu zangu hayo yalikuwa maji ya kutufikisha Jumatano. Jumatatu alfajiri mtoto anafungua bomba apige mswaki, koki inakoroma tu. Hatukufua, hatukumwagilia, hatukuwa na mgeni.

Fundi alipofika hakupanda kwenye mnara wa simtanki kama nilivyotarajia. Aliingia chooni, akafungua mfuniko wa tangi la kuflashia, akaniomba ndoo ya maji kwa jirani na chai ya rangi iliyobaki kwenye chupa. Tangi likajaa, akamimina chai humo. "Mama, mtu asiflashi kwa nusu saa." Nusu saa haikufika. Kwenye ukuta mweupe wa sinki la choo ukateremka uzi wa kahawia, mwembamba, hauna sauti, ukaingia kwenye maji ya chini na kuyapaka rangi. Washa ya chini ya tangi ilikuwa imekakamaa, haikai sawasawa kwenye tundu lake. Kipande cha mpira kinachoenea kiganjani ndicho kilichokuwa kinatunywea maji usiku na mchana.

Tangu siku hiyo, kila anayejenga akiniuliza anunue vifaa gani vya kubana maji, namwambia aanze na choo. Shawa baadaye.

Hesabu yenyewe ni hii. Nyumbani tuko sita. Kila mtu akienda chooni mara nne kwa siku, hizo ni mara 24. Tangi letu la zamani lilikuwa la lita 9, kwa hiyo lita 216 kila siku zilikuwa zinakwenda shimoni, zaidi ya moja ya tano ya simtanki. Choo cha vitufe viwili humwaga lita 3 kwa haja ndogo na lita 6 kwa haja kubwa. Haja kubwa zikiwa sita na ndogo kumi na nane, jumla ni lita 90. Tofauti ya lita 126 kwa siku, ikizidishwa kwa siku 30, ni lita 3,780: karibu yuniti nne kwenye mita, maana yuniti moja ni lita 1,000. Wala si teknolojia ya jana, Waaustralia walianza kuuza vyoo vya vitufe viwili miaka ya 1980.

Shawa je? Muuzaji dukani atakuonyesha kichwa cha shawa kinachong'aa na kukuhakikishia kinaokoa maji. Mwulize kinahitaji presha kiasi gani. Maji yakitoka kwenye simtanki, presha yake inatokana na kimo: mita 10 hukupa baa moja, kipimo cha presha. Mnara wetu una mita nne, shawa iko mita mbili kutoka sakafuni, tofauti ni mita mbili, yaani baa 0.2. Kichwa kilichotengenezewa presha kubwa kitadondosha matone, na mtu atakaa chini yake dakika ishirini akihangaika na povu. Mama mkwe wangu akija kutoka Magu anaomba ndoo na kopo, anaoga akatakata, na kwenye ndoo ya lita 20 yanabaki ya kudekia. Hakuna shawa ya dukani itakayomshinda.

Kuna wanaoniambia, "Ziwa lote lile, tubane nini?" Ziwa liko chini, sisi tuko juu ya mawe. Maji ya Capri Point na Butimba, yanakovutwa kutoka ziwani, yanasukumwa na pampu kupanda milima, na mwenye nyumba Mabatini juu kabisa anajua bomba likikohoa nani hukosa wa kwanza. Tena kila lita inayoingia chooni lazima itoke kwenda mahali. Wengi wetu hatuna bomba la majitaka, tuna shimo, na shimo likijaa tunaita gari la kunyonya. Choo kinachovuja kinajaza shimo hata nyumba ikiwa imelala.

Kinachoniuma zaidi ni nyumba za kupangisha. Mwenye nyumba ananunua tangi la bei ya chini kabisa kwa sababu bili haimhusu, wapangaji wanachangishana. Mpangaji naye hataki kutengeneza choo ambacho si chake. Katikati hapo maji yanamwagika miaka. Mimi naona washa na boya la choo ni sehemu ya nyumba kama bati lilivyo sehemu ya nyumba, na anayepokea kodi ndiye azinunue.

Ukienda dukani, usiangalie rangi. Tafuta lita zilizoandikwa kwenye tangi au kwenye boksi. Bonyeza vitufe vyote viwili uone vinarudi vyenyewe bila kukwama, kwa sababu choo cha vitufe viwili chenye valvu mbovu huvuja vilevile, na pengine kuliko cha zamani. Uliza kama washa yake inauzwa peke yake. Kama haiuzwi, achana nacho, hata kiwe kizuri vipi. Na usichukue tangi la lita 6 ukalifunga kwenye sinki la zamani lililotengenezewa lita 9: uchafu hautaondoka, watu wataflashi mara mbili, na utakuwa umetumia lita 12.

Asiye na hela ya choo kipya ajaze maji kwenye chupa ya lita moja, aifunge vizuri, aisimamishe ndani ya tangi mbali na boya. Tofali usiweke, linamomonyoka na mchanga wake unakwenda kukaa palepale kwenye washa.

Chai ya rangi bado naimimina kwenye tangi, kila mwanzo wa mwezi, usiku watoto wakishalala.