Ratiba ya Mboga Haikushauriana na Mwezi

Ndugu zangu wenye nyumba, naomba nilitamke jambo hili kwa heshima kabla halijanitoa machozi hadharani. Ukutani jikoni kwangu pamebandikwa karatasi iliyopigwa mistari kwa rula, yenye siku saba kwa kushuka na asubuhi, mchana na usiku kwa kukata, na katika kila kisanduku kimeandikwa chakula tutakachokula, tukipenda tusipende. Mama watoto aliileta kutoka kikobani, ambako walielezwa kwamba nyumba isiyopanga mlo wa wiki nzima hutupa fedha zake. Sikupinga. Mimi ni mwalimu, nimeishi kwa ratiba tangu niajiriwe, na ningeonekanaje nikiikataa ya nyumbani kwangu?

Tena yakubalike kwamba utaratibu wa zamani nao ulikuwa mateso. Kila alfajiri, mswaki ungali mdomoni, nilikuwa naulizwa, "Baba Halima, leo tupike nini?" Nikijibu "chochote," nanuniwa, nikitaja kitu kwa jina lake, naombwa fedha ya kitu hicho papo hapo.

Leo ni Jumanne, na kisanduku cha usiku kinasema: ugali wa muhogo, dagaa wabichi wa kukaanga, kachumbari. Nilipotoka shuleni nikateremka na kikapu changu hadi kwa wauza samaki hapa Mtwara, kule Feri, nikiwa na utulivu wa mtu ambaye safari hii hana haja ya kufikiri.

"Shikamoo, mwalimu," akasema kijana wa kwanza.

"Marahaba. Nipimie dagaa wabichi."

Akatazama juu, ingawa jua lilikuwa bado linawaka. "Mwalimu, mwezi mpevu huu."

Nikamwambia kwamba sikuulizia mwezi, nimeulizia dagaa. Kwa adabu kubwa akaanza kunifundisha, mimi niliyezaliwa kwenye ufuko huu, kwamba dagaa huvuliwa usiku kwa taa, kwamba taa huwakusanya pale tu bahari inapokuwa na giza, na kwamba mbalamwezi ikitanda dagaa hutawanyika na taa haina kazi, kwa hiyo vyombo vingi vimelala. Nirudi siku za giza zikiingia.

"Lakini ratiba inasema Jumanne," nikasema, na hapo ndipo nilipoharibu mambo, kwa sababu mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu aliinua kichwa.

"Ratiba ipi?"

Nikaeleza. Nilieleza vizuri, kwa sauti ya darasani, kwamba mpango ni msingi wa maendeleo ya kaya, kwamba mtu anayeamua kitoweo akiwa amesimama sokoni huamuliwa na tamaa yake, na nilikuwa ndiyo kwanza naingia kwenye faida ya pili pale kijana mwenye ndoo ya barafu aliponiomba nisogee njia ipite. Mzee akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Hiyo karatasi mliiandika mkitazama bahari au mkitazama ukuta?"

Watu walicheka, nami sikuona la kuchekesha. Bibi mmoja aliyejifunga kanga kiunoni akanisogezea beseni la pweza. Mwezi huohuo uliofukuza dagaa ndio uliovuta bamvua; maji yalikuwa yametoka mbali, mwamba ulikuwa wazi, na pweza walikuwa wengi kuliko wanunuzi.

"Chukua pweza, baba."

"Pweza ni wa Jumapili, bibi."

"Jumapili maji yatakuwa yameshaanza kufa. Utamfuata kwa kuzamia?"

Nikanunua pweza. Hakuna mtu mwenye akili ambaye asingenunua. Nikafika nyumbani, mama watoto akafunua kikapu, akakitazama, akaitazama karatasi, akanitazama mimi. "Baba Halima, umeniletea Jumapili siku ya Jumanne."

Sasa ikabidi Jumapili ihamie leo na Jumanne isukumwe hadi Alhamisi, lakini Alhamisi palikuwa na wali wa nazi na watoto wameshaukariri, hivyo pakazuka maandamano. Kesho asubuhi ni ming'oko, kana kwamba wanaoichimba porini wamepewa nakala ya karatasi yetu. Ijumaa kuna nyama, na nyama katika mkoa huu, nje ya miezi ya malipo ya korosho, ni suala la imani. Nikashauri tununue mapema tuhifadhi. Friji tunayo, lakini umeme nao una ratiba yake, na haijabandikwa popote.

Na pweza haivi kwa maneno. Lazima apigwe kwanza alainike, kisha achemke mpaka akubali, na mtungi wa gesi umeisha. Hapa ndipo napandwa na hasira za kweli. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982 katika mkoa wangu huuhuu, inasafishwa Madimba, na tangu mwaka 2015 inakwenda kwa bomba hadi Dar es Salaam, ilhali mimi, jirani yake, nimepiga magoti mbele ya jiko nikipepea kwa kifuniko cha sufuria mkaa ambao aliyeniuzia aliapa kwa jina la mama yake kwamba ni mkavu. Kisanduku cha kununua mkaa mkavu hakimo. Cha pilipili hakimo, cha ndimu hakimo, wala cha mtu wa kumpiga pweza huyu hakimo, ndiyo maana mkono wangu wa kusahihishia madaftari hauinuki.

Halafu nani amewatangazia watu kwamba kwangu kuna pweza? Saa moja ya usiku haijatimu, nyama bado ngumu, na mashemeji wawili wameshapiga hodi, nyuma yao jirani aliyekuja kuazima chumvi akiwa na sahani mkononi. Karatasi ile imeandikwa kwa watu sita.

"Karibuni, shemeji, piteni ndani. Hapana, hamjachelewa."