Si kofi, ilikuwa ngumi ya kidevu

Naona habari zimeshawafikia. Jirani yangu wa meza pale maabara, ambaye kuanzia leo simwiti rafiki mpaka arudishe chaja yangu, ametangaza kwenye magrupu matatu kwamba "jamaa kazabwa kofi na roboti aliyemuunda mwenyewe, mbele ya mgeni rasmi." Uongo huo. Kofi lingekuwa na heshima yake. Mimi nilipigwa ngumi ya kidevu. Tuelewane hapo kwanza, halafu mcheke mkiwa na taarifa sahihi.

Kwa wageni wa ukurasa huu: nahangaika na teknolojia ya mguso. Unashika mpini hapa, mkono wa roboti unafuata kule, na anachokigusa yeye unakisikia wewe kiganjani. Akigonga kitu kigumu, mpini nao unakukazia. Si mambo mapya. Raymond Goertz huko Marekani alianza kuunda mikono ya kushikia vitu vyenye mionzi kwa mbali tangu miaka ya 1940. Mwaka 2001 madaktari wakiwa New York walimtoa kibofu cha nyongo mgonjwa aliyelala Strasbourg, Ufaransa. Bahari nzima katikati! Mimi nilikuwa na embe. Umbali, mita mbili.

Mpango wenyewe nitautetea hadi kaburini: mgeni ashike mpini, roboti abonyeze dodo kwenye meza ya pili, mgeni aseme limeiva au bado. (Najua, mama muuza matunda anafanya hivyo kwa kidole gumba, bila ruzuku ya utafiti.)

Usiku wa kuamkia siku ya wageni, panya akala waya za enkoda. Hicho ndicho kijidude kinachoiambia kompyuta mpini umezunguka kiasi gani na kwa upande upi. Upande unajulikana kwa waya mbili, A na B, kutegemea ipi imetangulia kutoa ishara. Umeme ulikuwa umekatika. Simu nimeing'ata mdomoni ndiyo tochi yangu, nikasokota ya kijani pa nyeupe na nyeupe pa kijani, nikafunga selotepu. Umeme uliporudi nikatikisa mpini, namba zikacheza kwenye skrini. Nikaridhika. Mota ya kuusukuma mpini sikuwasha. Nani awashe mota saa nane za usiku? (Msijibu.)

Ukizigeuza waya hizo, mashine inakuwa kama daladala ambayo abiria akilia "shusha!" dereva anasikia "twende!" Na hii yetu inasikia mara 1,000 kwa sekunde, maana jicho unalihadaa kwa picha 24 tu, lakini kidole hakihadaiki kirahisi hivyo.

Basi. Wageni wamekaa, sambusa zimepangwa. Mgeni rasmi ni mama mtu mzima, miwani, mtandio mweupe pee. Nikasema, kwa ile sauti inayokuja na tai ya kuazima: "Ngoja nianze mimi, mama, uone kilivyo salama." Nikainama juu ya mpini ili nionekane makini. Nikauinua kidogo tu, kama mtu anayenyanyua kikombe cha kahawa ya moto.

Kompyuta, ambayo kazi yake ni kuurudisha mpini katikati, ikaona nimeshusha. Ikasema maskini, tumsaidie arudi juu. Ikasukuma. Mpini ukapanda, yenyewe ikaona nimezidi kushuka, ikaongeza nguvu. Ilikuwa nusu sekunde, lakini piga hesabu: mara 500 mashine inanihurumia, mara 500 inanisukumia chuma. Niliuona ukija. Nakumbuka kabisa kichwa kikiiambia shingo "sogea," na shingo ikajibu kama karani siku ya Ijumaa saa tisa na nusu: njoo Jumatatu.

Ko!

Waliokaa nyuma waliuliza nini kimevunjika. Ni meno yangu, yalikuwa yanasalimiana.

Kule kwenye meza ya pili, roboti mtiifu kaambiwa bwana wako ameshuka, naye akashuka na dodo. Lilikuwa limeiva. Sasa nina uhakika.

Nikaukamata mpini kwa mikono miwili niukandamize. Kosa la pili. Ulipovuka katikati ukageuza nia, ukanivuta, ukanibana gumba mezani. Roboti akaruka juu, embe limemganda. Kokwa likapaa. Lilipaa taratibu, likijizungusha, nyuzi zake za njano zinametameta kwenye taa, watu wote shingo juu kama wanatazama mwezi wa Idi. Likatua kwenye mtandio mweupe, begani. Likatulia pale kama nishani.

"Zima!" Kitufe chekundu cha dharura kiko wapi? Nyuma ya sinia la sambusa. Nani aliliweka sinia pale? (Nimesema msijibu.) Mzee wa usafi ndiye aliyechomoa plagi ukutani.

Mama akalishika kokwa kwa vidole viwili, akalitazama. "Hili limeiva," akasema. "Mkipanga siku ya mabichi mniambie, nisije."

Waya nilizirudisha kwa dakika mbili. Jioni kila kitu kilifanya kazi vizuri sana, watazamaji wakiwa viti. Mtandio nimelipa. Gumba limevimba, kwa hiyo makosa ya uandishi mnisamehe. Usiku mama yangu kanipigia kutoka Tanga, grupu la ukoo lilishamfikishia. Akaniuliza kwa uchungu kabisa: "Mwanangu, na huyo roboti mmempeleka polisi?"

Nimemwambia tumeyamaliza wenyewe.