Mpangaji wa Kimara naye apewe cheti

Wengi wetu tulioko England tuna kofia mbili. Huku ni wapangaji, kule nyumbani ni wenye nyumba. Tumejenga vyumba sita Kimara au Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, shemeji anakusanya kodi, pesa inaingia. Boila ya huku ikizima siku mbili tu, tunamwandikia wakala na kutaja tarehe. Mpangaji wetu kule anaoga kwa hita ya umeme isiyo na ethi, yaani waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, na hatujawahi kuuliza. Hilo haliniingii akilini, wala sikubaliani na wanaosema kwamba sababu ni umaskini.

Husemwa pia kwamba kule hakuna sheria. Ipo. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999, kifungu cha 88, inamfunga mwenye nyumba hata kama mkataba umekaa kimya: nyumba, fleti au chumba kiwe kinafaa kukaliwa na binadamu siku mpangaji anapoingia, na kiendelee kufaa muda wote wa upangaji. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya 2012 inasema karibu hayohayo. England ndiyo iliyochelewa. Sharti la aina hiyo lilikuwamo kwenye sheria zao, lakini lilifungwa kwenye viwango vya kodi ya pango vya zamani mno hata halikumgusa karibu mtu yeyote, hadi sheria ya 2018 ilipoanza kutumika Machi 2019.

Kinachoibeba England ni karatasi yenye tarehe na jina la aliyekagua. Chukua gesi. Kila miezi 12 fundi aliyesajiliwa Gas Safe, daftari rasmi la mafundi wa gesi, lazima akague vifaa vya gesi vya mwenye nyumba pamoja na mabomba ya kutolea moshi. Mpangaji aliyemo apewe nakala ndani ya siku 28, mpya aipate kabla ya kuhamia. Muombe fundi kitambulisho ukigeuze: nyuma kimeandikwa kazi anazoruhusiwa. Mwenye ruhusa ya majiko si lazima awe na ruhusa ya boila.

Umeme hukaguliwa angalau kila miaka 5. Mkaguzi anazima umeme, anapima nyaya, ethi, na kasi ya swichi inayokata umeme unaovuja, ile ambayo mafundi huiita RCD. Ripoti yake ina alama: C1 ni hatari iliyopo sasa hivi, C2 ni hatari inayoweza kutokea, FI ni jambo la kuchunguzwa zaidi, C3 ni ushauri tu. Ikiwamo mojawapo ya zile tatu za kwanza, nyumba imefeli, na kazi ifanyike ndani ya siku 28 au mapema zaidi ripoti ikisema hivyo. Kanuni za 2020 ziliweka faini ya hadi pauni 30,000. Kengele ya moshi iwe kwenye kila ghorofa linalokaliwa, na ya kaboni monoksaidi iwe kwenye chumba chenye boila au kifaa kingine cha kudumu kinachounguza mafuta, kuni au gesi, isipokuwa jiko la gesi la kupikia. Zijaribiwe siku ya kwanza ya upangaji. Zinapoharibikia ni padogo: kengele inafungwa karibu na jikoni, inalia kila chapati inapochomwa, mpangaji anatoa betri.

Na karatasi peke yake haitoshi hata huku. Desemba 2020 mtoto Awaab Ishak, mwenye miaka 2, alifariki Rochdale kwa sababu ya ukungu wa ukutani ambao wazazi wake walikuwa wameulalamikia. Ndiyo maana tangu Oktoba 2025 wenye nyumba za umma na za mashirika ya makazi wana saa 24 kushughulikia hatari ya dharura. Kilichoongezwa, tena, ni saa ya kuhesabia.

Kule kwetu, mkandarasi wa umeme anathibitisha waya mara moja, shirika la umeme, TANESCO, wanaunganisha, kisha hakuna anayerudi. Miaka kumi baadaye mpangaji amefunga hita ya bafuni ya wati 5,500, ambayo kwa volti 230 inavuta takriban ampea 24, kwenye waya wa milimita 2.5 uliowekwa kwa ajili ya soketi. Waya unapata joto, plastiki inalainika. Ethi nayo ni fimbo fupi iliyochomekwa kwenye mchanga, na wakati wa kiangazi mchanga huo unakauka na ethi inakufa. Kwa hiyo mwambie fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, apime ethi kiangazi, si masika, aandike namba aliyoipata, tarehe na namba ya leseni, na afunge RCD ya miliampea 30. Hiyo hukata umeme hata ethi ikiwa dhaifu. Hita ipewe waya wake wa milimita 4 au 6, kulingana na urefu na mahali unapopita, na breka yake. Mpangaji apewe nakala, siyo shemeji peke yake.

Jambo la pili ni madirisha. Grili zetu zimechomelewa moja kwa moja, kwa hiyo moto ukianzia mlangoni waliomo hawana pa kutokea. Kila chumba cha kulala kiwe na grili moja ya bawaba yenye komeo la ndani lisilohitaji ufunguo, mbali na mkono wa mtu aliye nje. Jikoni, gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hutulia chini. Tundu la hewa la juu halitoshi. Toboa lingine usawa wa sakafu. Mpira wa gesi ujaribiwe kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti.

Halafu tuache kudai kodi ya miezi sita au mwaka mbele. Huku dhamana haizidi kodi ya wiki 5 kwa nyumba za kawaida, na lazima iwekwe kwenye mfuko unaotambuliwa ndani ya siku 30. Aliyekwisha lipa mwaka mzima hawezi kuhama soketi zikianza kutoa cheche, na sisi tukiwa na pesa yake mkononi hatuna haraka ya kumtuma fundi. Anzeni na miezi mitatu mkataba unaofuata, na cheti cha umeme kibanwe nyuma ya mkataba huo.