Safari ya kwanza ya meli ya kitalii: anza na pasipoti, picha za bwawa zisubiri

Wengi wanaopanga safari ya meli ya kitalii kwa mara ya kwanza huanzia mwisho. Huchagua meli kwa kuvutiwa na picha za bwawa na ukumbi wa maonyesho, hulipa malipo ya awali, hununua nguo, kisha zikiwa zimebaki wiki 6 ndipo huuliza kama viza inahitajika. Mimi nashikilia mpango ulio kinyume kabisa: kwanza njia na karatasi, pili hesabu kamili ya gharama, tatu kebini. Nguo ziwe za mwisho. Ukikosea nguo au chakula utarekebisha ukiwa baharini. Ukikosea pasipoti utabaki gatini ukiitazama meli ikiondoka, na nauli hairudi.

Pasipoti iwe na angalau miezi 6 ya uhai kuanzia siku utakayorudi, na kurasa tupu za kutosha. Jina kwenye tiketi lilingane na la pasipoti herufi kwa herufi, kwa hiyo mwenye majina matatu asiandikishe mawili kwa kuwa ndiyo anayoitwa kazini. Kisha chukua karatasi, andika kila bandari ambayo meli itatia nanga, na mbele ya kila bandari andika kama uraia wako unahitaji viza. Usiishie kwenye bandari ya kuanzia. Chukua mfano wa meli inayotoka Piraeus, Ugiriki, ikapita Kuşadası nchini Uturuki, halafu ikarudi kwenye visiwa vya Ugiriki. Mwenye viza ya kuingia mara moja ya Schengen, lile eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, ameshaitumia pale alipoingia Ugiriki. Meli ikivuka kwenda Uturuki ametoka Schengen, na kurudi hawezi. Anahitaji viza ya kuingia mara nyingi. Croatia imo ndani ya Schengen tangu 2023, lakini Montenegro, Albania na Uturuki hazimo, na ndizo nchi ambazo meli za upande ule huzichanganya na nyingine ndani ya wiki moja.

Kuna nchi zinazotaka abiria awe na viza hata kama hatashuka, kwa sababu meli ikiingia bandarini naye ameingia. Ndiyo maana kampuni hukagua viza zote siku ya kwanza, na moja tu ikikosekana inatosha kukuzuia usipande. Usitegemee kauli ya "nitabaki kebini siku hiyo" mpaka kampuni ikuthibitishie kwa maandishi.

Hapa ndipo kalenda inapokuwa na uzito. Malipo ya mwisho kwa kawaida hudaiwa siku 60 hadi 120 kabla ya safari, na baada ya hapo ukiahirisha unapoteza sehemu kubwa ya pesa, mwishowe zote. Maombi ya viza ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari. Kwa hiyo chagua safari iliyo mbele kwa miezi 8 au 9, lipa kianzio kinachorudishwa hata kama ni ghali kidogo, omba viza dirisha likifunguka tu, na jibu likupate kabla ya siku ya malipo ya mwisho. Anayenunua tiketi ya bei ya kutupa ya dakika za mwisho huku anahitaji viza mbili anacheza kamari. Nawaachia bei hizo wenye pasipoti zinazopita kila mlango.

Zipo karatasi za afya pia. Cheti cha homa ya manjano huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, na tangu 2016 kinadumu maisha yote, hivyo cha zamani usikitupe. Kampuni nyingi hazipokei mjamzito atakayefikisha wiki 24 kabla safari haijaisha, wala mtoto chini ya miezi 6. Kwa safari za kuvuka bahari kuu umri huo huwa miezi 12.

Ukiwa bado kwenye njia, soma majina ya bandari kwa makini. Tangazo huandika "Roma", lakini meli hufunga Civitavecchia, kiasi cha kilomita 70 kutoka mjini. "Paris" ni Le Havre, karibu kilomita 200. "Berlin" ni Warnemünde, zaidi ya kilomita 200. Ukipewa saa 10 bandarini, saa 5 au 6 zinaweza kuishia barabarani. Kwa safari ya kwanza napendelea njia ambayo nusu ya bandari zake unashuka kwa miguu na kujikuta mjini. Angalia na majira. Karibi ina msimu wa vimbunga kuanzia 1 Juni hadi 30 Novemba. Nahodha ana haki ya kuacha bandari yoyote kwa ajili ya usalama, na hapo kwa kawaida utarudishiwa kodi ya bandari hiyo tu.

Sasa pesa. Bei ya tangazo ni ya mtu mmoja akiwa wawili kebini. Anayesafiri peke yake anaweza kutozwa hadi mara mbili. Juu yake weka kodi na ada za bandari, halafu bakshishi ya wahudumu, ambayo kwenye meli nyingi huingizwa kwenye bili yenyewe kila siku. Tuseme ni dola 18 kwa mtu kwa siku: watu wawili kwa siku 7 ni dola 252, kiasi ambacho watu hukigundua siku ya mwisho wakadhani wameibiwa. Kampuni nyingine huitia ndani ya nauli, kwa hiyo uliza kabla hujalinganisha bei za meli mbili. Maji, chai na kahawa ya kawaida ukumbini huwa bure, ila soda, vinywaji vya chupa, intaneti na mikahawa maalumu hulipiwa. Kifurushi cha vinywaji kipige hesabu kwa siku ambazo utakuwa melini kweli, maana siku ya bandari unashinda nje. Kampuni nyingi pia humtaka kila mtu mzima wa kebini hiyo akinunue, na hilo peke yake hutosha kuifanya hesabu isitoke.

Kwenye kebini mimi sina masihara. Fungua ramani ya sitaha, ambayo kampuni zote huiweka kwenye tovuti zao, na usikubali kupangiwa chumba chochote kwa punguzo dogo. Wahenga walisema kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni tumboni mwake chini. Wahenga walikuwa na maana yao pana, lakini kwa kebini ichukue kama ilivyo: kaa katikati, na chini. Meli hupanda na kushuka mawimbi kama ubao wa bembea uliowekwa juu ya gogo. Walio tezini na omoni huinuliwa na kushushwa, aliye katikati hutikisika kidogo tu, na kadiri unavyopanda sitaha za juu ndivyo kila kuyumba kunavyokuwa kwa upana zaidi. Meli kubwa zina mapezi ya chuma yanayotokeza ubavuni chini ya maji, nayo hutuliza mrama wa ubavu kwa ubavu, ila kwa kule kupanda na kushuka kwa omo hayasaidii sana.

Halafu tazama kilicho juu na chini yako. Kebini nzuri ni ile iliyo na kebini juu yake na kebini chini yake. Iliyo chini ya sitaha ya bwawa husikia viti vikiburutwa alfajiri, iliyo juu ya ukumbi wa maonyesho husikia ngoma hadi usiku wa manane, na iliyo omoni chini huamshwa na mnyororo wa nanga na mashine za kusogeza omo kila meli inapoingia bandarini. Kwenye ramani tafuta pia alama ya mlango wa kati, ule unaounganisha kebini mbili. Sauti ya jirani hupenya hapo kama kwenye pazia. Kebini yenye baraza ni tamu pale njia inapopita kwenye mandhari, kama ghuba za Norway. Kwa njia ya bandari kila siku, kebini ya ndani isiyo na dirisha inatosha, mradi ujue giza lake halina mchana.

Kulewa bahari kuna dawa, na kosa kubwa ni kungoja kichefuchefu kianze kwanza. Tembe humezwa kabla, na kiraka cha dawa cha nyuma ya sikio hubandikwa saa kadhaa kabla na kufanya kazi siku 3. Muone daktari, hasa mwenye shinikizo la jicho au tatizo la tezi dume, kwani kiraka hicho hakimfai kila mtu. Kukikuanza, toka nje, simama katikati ya meli, tazama pale mbingu na maji yanapokutana, na kula kidogo kikavu. Kulala kebini ukisoma simu kunazidisha.

Bima usiiache, na isiwe ya safari ya kawaida tu. Zahanati ya meli hulipiwa, na bima nyingi za nyumbani haziitambui. Kubebwa na helikopta kutoka baharini hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Tafuta maneno matatu kwenye mkataba: kuhamishwa kwa dharura ya kitabibu, kukosa meli kwa sababu ya ndege kuchelewa, na ugonjwa uliokuwa nao kabla.

Mizigo ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Begi kubwa hufungwa lebo uliyochapisha nyumbani, hukabidhiwa wachukuzi bandarini, na linaweza kufika mlangoni kwako jioni. Kwa hiyo begi la mkononi libebe pasipoti, dawa zote, chaja, nguo za kuogelea na chochote cha kuvunjika. Pasi, birika la umeme na mishumaa vitachukuliwa kwenye ukaguzi. Hata waya wa kuongeza soketi wenye kinga ya umeme hukatazwa, na sababu yake ni ya msingi: kwenye meli nyaya zote mbili zinaweza kuwa na umeme, tofauti na nyumbani, na kinga hiyo ikishindwa inaweza kuwaka moto. Beba chaja moja ya USB yenye matundu mengi. Kuta za kebini kwa kawaida ni bati la chuma lililopakwa rangi, hivyo sumaku chache zenye ndoano hukupa mahali pa kutundika kofia, taulo na ratiba ya siku katika chumba kisicho na pa kuweka kitu. Chukua sweta, ukumbi wa chakula huwa baridi, na vazi moja la heshima kwa usiku rasmi.

Fika mji wa bandari siku moja kabla. Hili silipunguzii neno. Mlango wa kupandia hufungwa saa 1 hadi 2 kabla ya kung'oa nanga, kwa sababu orodha ya abiria lazima ikamilike, na ndege iliyochelewa kwa saa 4 inatosha kuzika likizo nzima. Jisajili kwenye programu ya kampuni uliyoishusha nyumbani. Kadi utakayoiunganisha na bili iwe ya mkopo ukiweza, kwani kwa kadi ya kawaida, inayokata moja kwa moja kwenye akaunti, benki hushikilia pesa ambazo hutaweza kuzigusa kwa siku kadhaa. Kabla meli haijaondoka weka simu kwenye hali ya ndegeni. Meli ina mtandao wake wa setilaiti, na simu ikijiunga nao yenyewe bili yake inatisha.

Zoezi la usalama lihudhurie kwa moyo. Meli ya Costa Concordia ilipogonga mwamba kando ya kisiwa cha Giglio usiku wa 13 Januari 2012, abiria waliopandia Civitavecchia jioni ile walikuwa bado hawajafanya zoezi. Watu 32 walikufa. Kanuni ikabadilishwa, na tangu 2015 zoezi hufanyika kabla ya kuondoka au mara tu meli inapoondoka. Milio 7 mifupi na mmoja mrefu maana yake nenda kwenye kituo chako. Kijue kituo hicho, tembea njia yake mara moja kwa miguu kutoka kebini, uhesabu milango.

Siku za bandari, tatizo ni saa. Ratiba huandikwa kwa saa 24, kwa hiyo 16:30 ni saa 10:30 jioni, na huo ni muda wa kuwa ndani, meli huondoka nusu saa au saa moja baadaye. Simu hujibadilisha kufuata saa ya nchi, ilhali meli inaweza kubaki na saa yake. Vaa saa ya mkono iliyowekwa saa ya meli na usiiguse. Pale meli inapotia nanga mbali na gati, kama Santorini, unashuka kwa mashua, na foleni ya kurudi inaweza kula saa nzima. Ziara iliyonunuliwa melini ikichelewa, meli huisubiri au kampuni hukufikisha bandari inayofuata. Uliyojipangia mwenyewe haisubiriwi. Binafsi ningejipangia zile za karibu, na zile za kilomita 100 ninunue melini. Osha mikono kwa sabuni na maji kabla ya kula, kwani virusi vya noro, vinavyoharisha na kutapisha melini, jeli ya kusugua haiviui vizuri.

Usiku wa mwisho kagua bili, maana asubuhi foleni ya kulalamika hufika kwenye ngazi. Begi kubwa hutolewa nje ya mlango kabla ya usiku wa manane na halionekani tena hadi gatini, na kila safari kuna aliyefungia humo viatu na suruali ya kesho yake. Meli ikifunga alfajiri, kushuka kunaweza kuendelea hadi saa 3 au 4 asubuhi, kisha kuna forodha na barabara ya uwanja wa ndege. Ndege ya kukata ni ile ya saa 7 mchana kwenda mbele.