Unyevu wa Tanga hauondoi umeme tuli kwenye mafuta

Gereji nyingi hapa Tanga utaambiwa umeme tuli, yaani chaji inayojikusanya vitu vikikwaruzana, ni shida ya Dodoma na Singida, kwenye hewa kavu. Sisi tuna bahari. Cheche itoke wapi? Hoja hiyo ni nusu ya ukweli. Unyevu huweka utando mwembamba wa maji juu ya nguo na viti, na chaji hupotea humo taratibu. Lakini ndani ya paipu ya mafuta haiingii hewa ya bahari ya Raskazone. Mle mna petroli, na petroli haipitishi umeme vizuri.

Chaji huzaliwa mafuta yanapokwaruzana na kitu, na hakuna panapokwaruza kama kwenye filta, kwa sababu karatasi yake ni pana na vitundu vyake ni vidogo mno. Filta ya chuma hufungwa kwenye bodi kwa kishikio cha chuma, na chaji hupitia hapo kwenda kwenye bodi. Fundi akiivika kipande cha tyubu isigongegonge, au akaining'iniza kwa zipu taiti, ile kamba ya plastiki, njia imekatika. Ganda linakusanya chaji mpaka inarukia chuma cha jirani. Paipu ya nailoni isiyochanganywa kaboni ina balaa lake: chaji hutoboa ukuta, vitundu visivyoonekana, na paipu inaanza kutoa jasho la petroli. Mwenye gari analalamikia harufu, fundi anabaki kukaza klipu zisizo na kosa. Mvuke wa petroli huwashwa na nguvu ya takriban milijuli 0.2 tu, cheche unayoihisi kidoleni imezidi hapo.

Bahari hiyo hiyo tunayojivunia ndiyo inayokula ethi, yaani njia ya chaji kwenda kwenye bodi. Magari mengi yenye mdomo wa tanki wa chuma yana waya mfupi kutoka mdomo huo kwenda kwenye bodi. Chumvi hushika bolti yake, kutu inaingia chini ya kichwa cha waya, na kwa macho waya bado upo. Au gari limetoka kunyooshwa na kupigwa rangi, bolti ikafungwa juu ya rangi. Pima kwa mita ya umeme, kwenye kipimo cha omu, kifuniko cha tanki kikiwa kimefungwa na gari likiwa mahali pa wazi: ncha moja kwenye chuma cha mdomo, nyingine kwenye bolti safi ya bodi. Ikizidi omu 10, fungua, piga msasa mpaka chuma king'ae, weka washa yenye meno, kaza, ndipo upake grisi kwa juu. Ukipaka grisi kabla ya kukaza umejisumbua bure.

Kwenye sheli tunagombezana kuhusu simu, huku kidumu cha plastiki kikijazwa juu ya kiti cha bodaboda. Kipaumbele hicho sikielewi. Kidumu kishushwe chini kwenye sakafu ili chaji ipate njia ya kwenda ardhini, hata kama kilikuwa kwenye pikapu, hasa ile iliyotandikwa plastiki. Nozo iguse mdomo wa kidumu tangu tone la kwanza hadi la mwisho, mafuta yatoke polepole, na nafasi ya juu iachwe kwa ajili ya kutanuka. Ukienda kumimina kwenye tanki, tumia faneli ya chuma inayogusa mdomo wa tanki. Chupa ya maji iliyokatwa kitako si faneli.